Maombi Yaliyokawiza Haki: Uchambuzi wa Kisa cha Mkuu wa Shule na Alama Zilizobadilishwa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilinitokea mimi mwenyewe nikiwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni inayomilikiwa na kanisa. Nimeondoa majina yote, na nimebadilisha mambo madogo yasiyoathiri mwenendo wa kisa, ili wahusika wasitambulike, hasa wanafunzi, ambao hawakuwa na hiari ya kuingia ndani yake. Wahusika nitawataja kwa kazi zao tu. Ninakiandika kwa ajili ya wakuu wa shule wenzangu wanaoongoza kwa jina la imani, na ninamwomba msomaji asikichukulie kuwa ni kisa cha mwalimu aliyebadilisha alama. Kosa hilo lilikuwa na utaratibu wake ulioandikwa, na shule nyingi zimewahi kulishughulikia bila mtikisiko. Kisa chenyewe ni cha mkuu wa shule aliyetumia maombi kuikwepa kazi yake, asijue kwamba anaikwepa, kwa sababu maombi yake yalikuwa yamekwisha kugeuka sehemu ya kazi muda mrefu kabla ya hapo.

Usuli

Shule ilikuwa na wanafunzi wapatao 400 na walimu 26. Mkataba wangu wa ajira ulisema kwamba mkuu wa shule ndiye kiongozi wa kitaaluma na wa kiroho, na kwa miaka minane nilizibeba nafasi zote mbili bila kujiuliza zinakutana wapi na zinaachana wapi. Niliongoza ibada ya asubuhi siku nne kati ya tano za juma, nilifungua na kufunga vikao vyote kwa sala, niliwaombea wagonjwa na waliofiwa, na wageni walipofika nilitambulishwa kama mtu wa maombi. Sikuwa nikiigiza. Kila nilichokisema mbele ya wanafunzi nilikiamini nilipokuwa nikikisema.

Hata hivyo, kisa kilipokwisha nilifungua daftari langu la kusomea Biblia na kuhesabu. Tangu mwanzo wa mwaka wa masomo hadi siku kisa kilipoanza nilikuwa nimejaza kurasa 71, na kila ukurasa ulikuwa muhtasari wa mahubiri: kichwa, hoja tatu, mfano wa kuwachangamsha vijana. Sikuona hata ukurasa mmoja wenye neno ambalo nililisoma likanihusu mimi, likaishia kwangu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi angalau huziona nywele zake katika kioo anachowashikia wateja.

Wahusika wakuu walikuwa wanne. Wa kwanza ni mwalimu wa somo, aliyekuwa ameitumikia shule kwa miaka 14, mzee wa kanisa na kiongozi wa kikundi cha maombi cha walimu, ambaye wakati huo mke wake alikuwa amelazwa. Wa pili ni mwalimu wa taaluma, mwanamke kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa pili wa wadhifa huo, mtu wa maneno machache na mahesabu yaliyonyooka. Hakuwa akihudhuria kikundi cha maombi kwa kuwa aliishi mbali na alikuwa na mtoto mchanga. Nakiri kwamba moyoni nilimpunguzia alama kwa hilo, ingawa sikuwahi kulitamka. Wa tatu ni mjumbe wa bodi aliyekuwa akiongoza uchangishaji wa fedha za bweni jipya la wasichana, na ambaye mtoto wake alikuwa katika darasa linalohusika. Wa nne nitamtaja mahali pake, kwa sababu wakati kisa kinaanza sikumfikiria kabisa.

Jambo moja la utaratibu linahitaji kuelezwa. Alama za kazi za darasani zilibeba asilimia 30 ya matokeo ya mwaka, na wanafunzi watatu wa kwanza wa darasa hilo walipata ufadhili wa nusu ya ada ya mwaka uliofuata.

Mwenendo wa matukio

Siku ya Jumanne, juma la nane la muhula, mwalimu wa taaluma aliingia ofisini kwangu na karatasi mbili. Moja ilikuwa nakala ya alama zilizoingizwa katika mfumo wa kompyuta. Nyingine ilikuwa orodha aliyoiandika mwenyewe kutoka katika karatasi za majibu za mwanafunzi mmoja, mtoto wa mjumbe wa bodi. Katika kazi tatu mfululizo, alama za mfumo zilizidi za karatasi kwa 20 kamili. Alisema, "Mkuu, kosa la kuingiza alama huwa halilingani mara tatu." Aliniomba niruhusu karatasi zote za darasa hilo zichukuliwe na kufungiwa katika ofisi ya taaluma siku hiyo hiyo, kabla mtu hajajua kwamba zinatazamwa.

Ombi lake lilikuwa sahihi kabisa, na kanuni za shule zilinitaka nifanye hivyo. Nilimjibu kwamba jambo hili ni zito, na kwamba nitalipeleka kwanza kwenye maombi.

Nilimaanisha nilichosema. Nilifunga siku mbili. Lakini nikijitahidi kukumbuka kwa uaminifu kilichokuwa ndani ya maombi yale, ninakumbuka kwamba nilimwombea mwalimu kwa sababu ya mke wake, niliiombea shule isiaibike, na niliomba hekima ya kulimaliza jambo "kwa upendo". Sikuomba nijue ukweli wa alama, na wala halikuwa jambo la kuombea, kwa kuwa ukweli wake ulikuwa ndani ya kabati la chumba cha walimu na ungehitaji mtu mwenye ufunguo.

Alhamisi jioni nilimwita mwalimu wa somo. Alikiri kabla sijamaliza sentensi ya pili. Alisema mzazi alikuwa amemwambia "amwangalie mtoto," na kwamba katika hali aliyokuwa nayo nyumbani hakuwa na nguvu ya kumkatalia mtu aliyekuwa akimsaidia. Alilia, nami nikalia. Tulipiga magoti, tukaomba kwa muda usiopungua dakika 40, na tulipoinuka nilimwambia amesamehewa. Tulikubaliana kwamba azirekebishe zile alama mwenyewe, kimya kimya, kabla ya mfumo kufungwa. Sikuandika chochote katika jalada lake. Siku iliyofuata nilimwambia mwalimu wa taaluma kwamba jambo limeshughulikiwa. Aliniuliza limeshughulikiwa namna gani, nikamjibu kwamba mengine ni ya kichungaji.

Mfumo ulifungwa na matokeo yakatangazwa. Alama zilikuwa hazijarekebishwa. Baadaye mwalimu alieleza kwamba siku ya mwisho alikuwa hospitalini, na ninaamini hivyo, lakini nami sikuwa nimefuatilia. Kufuatilia kungeonekana kama kutoamini toba yake. Mtoto wa mjumbe wa bodi alishika nafasi ya tatu kwa tofauti ya alama mbili. Aliyekuwa wa nne alikuwa binti anayelelewa na bibi yake, na huyo ndiye mhusika wa nne wa kisa hiki. Barua za ufadhili zilitoka zikiwa na sahihi yangu. Muhula mpya ulipofunguliwa, binti huyo hakurudi.

Katika juma la pili la muhula huo mwalimu wa taaluma alimwandikia mwenyekiti wa bodi barua ya ukurasa mmoja, akanipa nakala mkononi kabla hajaituma. Niliichukulia kama usaliti. Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya ibada ya asubuhi, nami nilihubiri juu ya ulimi na watu wanaochonganisha ndugu, mbele ya wanafunzi na walimu wote, nikimtazama kila mtu isipokuwa yeye. Hakuna aliyekuwa hajui ninamsema nani. Alikaa mstari wa mbele, kama kawaida yake, hadi sala ya mwisho.

Swali la mkuu mstaafu

Jioni ya siku hiyo nilimpigia simu mkuu mstaafu aliyenilea katika kazi hii, nikitarajia anifariji. Nilimweleza yote, pamoja na kufunga kwangu na machozi ya Alhamisi ile. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, ulipoomba, uliomba ili ujue la kufanya, au ili usilifanye?" Nilianza kujitetea. Akaniuliza swali la pili: katika zile dakika 40, yule binti mlimtaja mara ngapi?

Hatukuwa tumemtaja hata mara moja. Wala mimi mwenyewe sikuwa nimemtaja katika siku zangu mbili za kufunga. Nilikuwa nimemwona mkosaji, nikamhurumia; nilikuwa nimeiona shule, nikaiogopea; lakini aliyedhulumiwa hakuwamo katika maombi yangu kwa sababu sikuwa nimefungua zile karatasi, na pasipo kuzifungua sikuweza kujua kwamba yupo.

Usiku huo nilichukua hatua tatu, na ninazieleza pamoja na sababu zake, kwa kuwa ndizo hatua pekee katika kisa hiki ninazoweza kuzitetea. Kwanza, nilimwandikia mwenyekiti wa bodi barua ya kujieleza kabla hajaniomba, nikataja tarehe ya kila nilichofanya na nisichofanya, ili uchunguzi usilazimike kunitafuta. Pili, niliomba niondolewe katika kulishughulikia shauri, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwa mmoja wa washtakiwa. Niliomba pia mjumbe mwenye mtoto asikae katika kikao chochote kitakacholijadili. Tatu, nilimwagiza makamu wangu azichukue karatasi zote za majibu alfajiri, mbele ya mashahidi wawili, na kukabidhi ufunguo kwa mwenyekiti. Hatua hiyo ya tatu ilikuwa ileile niliyoombwa Jumanne ya juma la nane. Ilichukua dakika 25.

Matokeo

Kamati ya watu watatu, mmoja wao akitoka nje ya shule, ilikokotoa upya alama za darasa zima kutoka katika karatasi. Iligundua wanafunzi wengine wawili ambao alama zao zilikuwa zimepandishwa, jambo ambalo mwalimu hakulikiri tulipopiga magoti na ambalo mimi sikuwa nimeuliza. Mwalimu alivuliwa uongozi wa idara, akapewa onyo la mwisho la maandishi, na kwa mwaka mzima kazi zake zote za kusahihisha zilipitiwa na mwalimu mwingine. Hakufukuzwa, kamati ilizingatia miaka yake ya utumishi na hali ya nyumbani kwake, na ilizingatia hayo kwa maandishi, ambayo ni tofauti kubwa na nilivyoyazingatia mimi. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Kuhusu mjumbe wa bodi, kamati haikuweza kuthibitisha kwamba aliomba alama zibadilishwe. Alijiuzulu mwenyewe, na ujenzi wa bweni ukasimama kwa karibu mwaka.

Ufadhili ulihamishiwa kwa binti aliyestahili. Nilikwenda na mwalimu wa taaluma hadi kwa bibi yake kueleza kilichotokea. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mjukuu wake ataweza kuyafidia majuma matano ya masomo aliyoyakosa. Hilo tulilipanga, kwa vipindi vya ziada vilivyolipiwa na shule. Binti alirudi.

Nilimwomba radhi mwalimu wa taaluma faraghani, naye akanijibu kwa upole kwamba sikumkosea faraghani. Kwa hiyo nilisimama katika ibada ya asubuhi, mahali palepale, nikasema kwamba mahubiri yangu ya siku ile yalimlenga mtu aliyefanya wajibu wake, na kwamba niliitumia ibada kumnyamazisha. Nilisema kwa sentensi nne, bila kusoma andiko lolote.

Uchambuzi

Watu waliosimuliwa kisa hiki husema kwamba nilikosea kwa kuchanganya imani na uongozi, na kwamba dawa yake ni kuvitenganisha: maombi yabaki kanisani, kanuni zibaki ofisini. Sikubaliani nao, ingawa ninaelewa kwa nini wanasema hivyo. Maandiko niliyodhani ninayafuata yalitaka kinyume cha nilichofanya, na kama ningeyasoma kwa ajili yangu badala ya kuyasoma kwa ajili ya hoja tatu, yangenisukuma kwenye kabati la karatasi siku ileile.

Nianze na Mathayo 18:15, ambalo nilijitetea nalo mbele ya kamati. Katika tafsiri ya Kiswahili tuliyoizoea, ndugu yako "akikukosa", nenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu. Kila Mswahili anakisikia kiambishi kilichomo: akikukosa wewe. Mwalimu hakuwa amenikosea mimi, au hakuwa amenikosea mimi kwanza. Faragha ya andiko hilo ni haki ya aliyekosewa, anayoweza kuitumia kumsitiri ndugu yake. Mimi niliichukua haki ya mtu mwingine nikaigawa kama zawadi. Nilitoa msamaha usiokuwa wangu kuutoa. Tena mwalimu huyo alikuwa mzee wa kanisa, na kwa mashauri ya wazee, 1 Timotheo 5:19-21 hutaka mashahidi wawili au watatu, huagiza wakosaji waonywe mbele ya wote, na hukataza upendeleo. Nilikuwa na shahidi mmoja mwenye karatasi mbili, na nilimwambia mengine ni ya kichungaji.

La pili ni toba yenyewe. Sina shaka kwamba machozi ya Alhamisi yalikuwa ya kweli. Lakini Hesabu 5:6-7 huweka mambo matatu pamoja kwa mkosaji: aungame, arudishe kwa ukamilifu, na aongeze sehemu ya tano ampe yule aliyemkosea. Zakayo, katika Luka 19, hakungoja kuagizwa. Alisema mwenyewe kwamba aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Mimi niliyachukua maungamo nikauacha urejeshaji mikononi mwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuuahirisha, kisha nikaona aibu kumfuatilia. Kumfuatilia kungekuwa sehemu ya kumsaidia atubu. Kwa kuwa niliyakatiza maungamo yake kwa sala, hakupata hata nafasi ya kuwataja wale wanafunzi wawili wengine. Aliyabeba hayo kwa miezi miwili, akiongoza maombi ya walimu kila Jumatano. Aliniambia baadaye kwamba ile ilikuwa miezi migumu kuliko adhabu. Rehema yangu ilimdhuru hata yeye.

Hapa ndipo ninapomrudia nabii Nathani, kwa sababu nimekuwa nikimhubiri kwa miaka bila kuona alivyoanza. Katika 2 Samweli 12 nabii anakwenda kwa Daudi, mfalme aliyekosa, na neno la kwanza analolisema halimtaji mfalme. Anaanza na hadithi ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, aliyemlea pamoja na watoto wake. Anamweka aliyedhulumiwa mbele ya macho ya mwenye mamlaka, na anamweka kwa vitu vyake vidogo, hadi Daudi anawaka hasira kabla hajajua anahukumiwa yeye. Msamaha unakuja katika aya ya 13, na hata hapo matokeo ya kosa hayafutwi. Mimi nilianzia aya ya 13. Kama ningemwomba mwalimu wa taaluma aniletee orodha ya darasa, nikaweka kidole kwenye jina la nne, sidhani kwamba ningeweza kupiga magoti dakika 40 bila kulitaja.

Niligusia kwamba nilipeleka kwenye maombi jambo lisilohitaji kuombewa, na ninataka kulieleza vizuri ili nisieleweke vibaya. Nehemia ni mtu wa sala kuliko viongozi wengi wa Agano la Kale. Anaomba hata katikati ya swali la mfalme na jibu lake. Lakini alipofika Yerusalemu alitoka usiku na watu wachache akaukagua ukuta kabla hajamwambia mtu neno, na adui walipotishia, sura ya 4:9 inasema kwa pumzi moja kwamba waliomba na wakaweka walinzi. Katika sura ya 5, maskini walipolia kwamba ndugu zao wakubwa wamewanyang'anya mashamba, aliwakusanya wakubwa hao mbele ya mkutano, akadai mashamba yarudishwe siku hiyohiyo, na kisha ndipo akawaita makuhani kuwaapisha. Ahadi ya kurudisha ilitangulia, ibada ikaifunga. Kwangu ibada ilitangulia, na ikafunga mlango.

Mahubiri yangu ya ulimi ndiyo sehemu ninayoona ugumu mkubwa zaidi kuiandika. Mkuu wa shule ambaye ni kiongozi wa kiroho ana silaha ambayo mkuu mwingine hana: anaweza kumkemea mtumishi wake kwa sauti ya Mungu, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kunyosha mkono kujibu. Hakuna kanuni ya utumishi inayomlinda mwalimu dhidi ya mahubiri. Tangu wakati huo nimejiwekea sharti kwamba nikiwa na shauri na mtu yeyote, zamu yangu ya ibada inachukuliwa na mwingine hadi shauri liishe, na ratiba ya masomo ya Biblia ya ibada hupangwa mwanzoni mwa muhula na watu wasiokuwa mimi. Benedict wa Nursia, katika kanuni aliyowaandikia watawa karne ya 6, aliagiza abati, yaani mkuu wa monasteri, awaite ndugu wote kunapokuwa na jambo zito, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Katika shule yetu mdogo alikuja mwenyewe na karatasi mbili, na nikamhubiria.

Kuhusu chanzo, ninarudi kwenye daftari. Nilipokuwa nikihesabu zile kurasa 71 nilikuta kwamba majuma mawili kabla ya Jumanne ile nilikuwa nimehubiri Isaya 1:10-17, mahali ambapo Mungu anasema hatasikiliza maombi mengi, na badala yake anaagiza watu wamtetee yatima na mjane. Muhtasari wangu ulikuwa mzuri. Hoja ya pili ilikuwa na mfano uliowachekesha wanafunzi. Neno lilipita mkononi mwangu kama barua inavyopita mkononi mwa tarishi. Nadhani ndiyo maana sikuona kwamba maombi yangu ya siku zile yalikuwa ya namna ileile anayoikataa nabii: nilikuwa nimezoea kutumia sala kufungua na kufunga mambo ya ofisi, kwa hiyo jambo gumu lilipokuja niliitumia kulifunga.

Katika Marko 1, Yesu anatoka alfajiri kwenda mahali pasipo na watu kuomba, na Simoni anamfuata kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Anatoka katika maombi yale akiwa na uamuzi ambao haukuwafurahisha waliokuwa wakimtafuta: twende mahali pengine. Ninalitumia hilo kama kipimo changu, ingawa si kipimo cha hakika. Nikitoka katika maombi nikiwa nimepata tena na tena kile nilichokitaka kabla ya kuingia, na hasa kile kinachoniepusha na mazungumzo magumu, ninampigia simu mkuu mstaafu kabla sijatenda. Usiku, kabla ya kulala, ninapitia siku yangu kwa utaratibu wa kuchunguza dhamiri unaofanana na ule uliofundishwa na Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, na nimeongeza swali moja la kwangu: ni nani aliyeguswa na uamuzi wa leo ambaye sikumwona uso? Mara nyingi jibu linanirudisha ofisini asubuhi, kwenye jalada fulani. Daftari la mahubiri na daftari langu mwenyewe sasa ni mawili, na la pili linajaa polepole sana.

Kuna mambo yaliyofaa hata katika siku zile mbaya, na haki inataka niyataje. Kanuni za shule zilikuwa nzuri, zilikosa tu mtu wa kuzitumia. Mwalimu wa taaluma alifuata ngazi: alikuja kwangu kwanza, akasubiri, akaandika badala ya kunong'ona, akanipa nakala kabla ya kutuma. Katika kisa chote, mtu aliyeitii Mathayo 18 alikuwa yeye.

Sijui niliweke wapi suala la bweni. Wasichana waliendelea kulala wawili wawili katika vitanda vya mtu mmoja kwa karibu mwaka mwingine, na wapo wazazi wanaoniambia hadi leo kwamba ningeweza kulimaliza jambo lile bila kumpoteza yule mjumbe. Labda ningeweza, kama ningelianza Jumanne. Juma la nane lilikuwa shauri la mwalimu mmoja na alama za kazi tatu. Ni ukawiaji wangu ulioligeuza kuwa shauri la bodi.

Mwalimu wa somo bado anafundisha. Kikundi cha maombi sasa kinaongozwa kwa zamu, na mwalimu wa taaluma, ambaye mtoto wake amekua, huhudhuria mara mojamoja na huondoka kwa wakati.

Binti yule alimaliza masomo akiwa wa pili darasani. Siku ya mwisho alikuja ofisini kwangu kuchukua barua yake ya mwenendo mwema, ambayo ilikuwa mezani bado haijatiwa sahihi. Nilimwuliza kama angependa tuombe pamoja kabla hajaondoka. Alisema, "Mwalimu, naomba unisainie kwanza," maana bibi yake alikuwa akimsubiri getini. Nikaisaini, nikaigonga mhuri, nikampa, naye akashukuru na kwenda zake.